Udongo wa Ukuta wa Nyuma

Kule Gatwekera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, waliniita daktari, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Siku moja, miaka mingi iliyopita, nilitoka kazini nikiwa na haraka, nikapita kumsalimu mama bila kuvua koti jeupe la maabara. Basi ikawa imetoka hiyo. Kwa wapangaji wa ploti ile, safu ya vyumba vya kukodisha alimokaa mama, nilikuwa daktari, na kila nilipoeleza kwamba wagonjwa wangu ni udongo na mawe walicheka, wakidhani nakwepa kuombwa dawa. Mama naye hakunisaidia. Alikuwa akisema, "Daktari ni daktari," na kuendelea kukatakata sukuma wiki yake.

Siku alipopigwa na kiharusi walinipigia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa Kawangware, kwangu, ghorofa ya tatu nyuma ya stegi ya matatu iitwayo 56, napiga pasi shati. Aliyepiga simu alikuwa jirani yake, mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale mwanzo wa kichochoro, ambaye mlango wake na wa mama ilitenganishwa na hatua mbili tu.

"Daktari, mama ameanguka na mdomo imeenda upande. Tumguse wapi?"

Niliiacha pasi juu ya shati nikashika simu kwa mikono miwili. Ningeulizwa juu ya punje ya udongo isiyoonekana kwa macho ningejibu mpaka mtu achoke. Hilo la mahali pa kumgusa mama sikulijua. Nilimwambia nakuja, na shati likaungua.

Hospitalini walimlaza wiki mbili, kisha wakaturuhusu tuondoke. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Maneno yalikuwa yamekwisha kabisa. Si kwamba alisema vibaya, hakusema. Lakini macho yalikuwa yaleyale na masikio yaleyale, na ukizungumza upuuzi mbele yake alikutazama vilevile alivyokuwa akinitazama nikiwa darasa la tano. Alibakiwa na mkono wa kushoto, na kidole cha mkono huo kikawa ndio mdomo wake. Akinyoshea jerikani, anataka maji. Akinyoshea mlango, anataka uachwe wazi aone watu wakipita. Baada ya wiki chache nilijisifu moyoni kwamba nimeshaijua lugha hiyo.

Nilitaka kumhamishia kwangu. Yeye hakutaka, na alikuwa ameshanikatalia hata kabla ya kuugua, tena kwa sauti. Alikuwa amekaa katika chumba kile miaka ishirini na sita. Mimi nimelelewa humo. Baba alitolewa humo akiwa ndani ya sanduku, akapelekwa kuzikwa nyumbani, Magharibi mwa nchi. Wanawake wa kanisani walikutana humo kila Alhamisi, wakikaa kitandani na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Kwangu angekuwa na choo cha ndani na bomba, lakini angeshinda na nani kutwa nzima, mimi na mke wangu tukiwa kazini?

Hata hivyo nilijaribu. Nilikuja Jumapili moja na rafiki yangu wa kunisaidia kumbeba, tukamketisha kwenye kiti cha plastiki, tukainua. Tulipofika mlangoni alishika mwimo kwa ule mkono mmoja. Sikujua mkono mmoja una nguvu kiasi hicho. Tukaanza kumbandua kidole kimoja kimoja, mara nikaona tunachokifanya, nikaingiwa na aibu, tukamrudisha kitandani. Jirani muuza omena, aliyekuwa amesimama pale akitazama, alisema, "Mwache. Mchana nitakuwa naye, wewe kuja jioni." Ikawa hivyo. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani, asitolewe katika chumba chake, na mimi nikaapa moyoni kwamba hicho atakipata.

Taabu ilikuwa ukuta wa nyuma. Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo na fito, paa la mabati, kimoja katika safu ya vyumba saba. Kuta za pembeni zilikingwa na vyumba vya jirani. Ule wa nyuma ulitazama mtaro wa maji machafu, na kila mvua ikinyesha ndio uliopigwa. Mama alikuwa akiusiriba mara mbili kwa mwaka kabla ya mvua, na watu walikuwa wakipita kuutazama kwa jinsi ulivyokuwa laini. Tangu augue hakuna aliyeugusa. Sehemu ya chini ilikuwa imelika hadi fito zikaonekana, na usiku baridi ilipenya pale.

Msimamizi wa ploti alinisubiri mlangoni jioni moja. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Daktari, landlord anataka kuweka mabati line yote, udongo imemchosha. Ya mathe wako tumeacha juu ya heshima. Lakini hiyo ukuta ikianguka, hiyo room inaenda, sitakudanganya. Panga hiyo kitu kabla mvua."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Ukuta ukisimama, mama anabaki. Ukianguka, anatoka. Na mimi niliondoka pale nikiwa karibu nicheke, kwa sababu kati ya shida zote ambazo mtu angeweza kunitwika mwaka ule, hii ilikuwa ya udongo.

Hapa lazima nieleze kidogo kazi yangu. Udongo wa mfinyanzi ukiutazama kwa undani ambao jicho haliufikii ni matabaka membamba yaliyolaliana, mithili ya chapati kwenye sahani. Kuna udongo ambao chapati zake zimegandana. Kati ya tabaka na tabaka zimejikita chembe za potasiamu, hazitoki, na maji hayapati pa kuingilia. Kuna mwingine ambao chapati zake zimelegea. Maji yakija yanaingia katikati, kila tabaka linainuka, na udongo mzima unavimba. Jua likiwaka unasinyaa na kupasuka. Halafu kuna ule ambao ndio hasa kazi yangu, udongo wa matabaka mchanganyiko. Ndani ya punje moja utakuta tabaka lililofungwa, juu yake lililo wazi, kisha mawili yaliyofungwa, bila mpangilio wa kueleweka. Huwezi kuyatenganisha kwa mkono wala kwa chujio. Unachoweza ni kukisia ni kiasi gani kimefungwa na kiasi gani kiko wazi.

Tunauloweka udongo, tunaacha chembe nzito zizame, tunachukua zile laini sana zinazoelea na kuzikausha juu ya kipande cha kioo ili matabaka yalale. Kioo kinaingia katika mashine ya eksirei, nayo inachora mstari wenye vilele. Kilele kikikaa mahali fulani, matabaka yako karibu. Kikisogea, yako mbali. Lakini picha moja haitoshi, kwa sababu udongo mchanganyiko ukikauka hujifanya mtulivu. Kwa hiyo kioo hicho hufungiwa chomboni pamoja na glaikoli, ule umajimaji ambao madereva hutia kwenye rejeta, mpaka kesho yake. Mvuke wake unapenya palipo wazi na kupainua. Picha ya pili ndiyo huwa ya kweli. Kisha kioo kinachomwa kwenye tanuri, tunapiga ya tatu. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne. Wanafunzi wa vyuo huleta sampuli zao, na wakitaka kuruka hatua huwa nawakaripia mpaka wengine wamenipachika jina ambalo sitaliandika hapa.

Basi nilichukua bonge lililokuwa limemeguka chini ya ukuta wa mama, nikalifunga kwenye gazeti, nikalipeleka kazini. Sikuruka hatua hata moja. Niliifanya kazi ile kwa usafi ambao sijawahi kumfanyia mteja. Na picha zilipotoka nilifurahi kama mtoto. Baada ya glaikoli vilele vilisogea kidogo sana. Matabaka mengi yalikuwa yamefungwa, machache tu ndiyo yaliyokuwa wazi. Huo ni udongo mtulivu, wa kujengea bila wasiwasi.

Nilishangaa kidogo, sitaki kudanganya. Udongo mweusi wa mabonde ya Nairobi kwa kawaida huvimba, kila fundi anajua, na ule wa kando ya mtaro ulikuwa mweusi kabisa. Nikajiambia labda bonde lile lina udongo wake wa peke yake. Nilikuwa nimepata jibu nililolitaka, nikaacha kuuliza. Kwenye kibandiko nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: udongo, Gatwekera, kando ya mtaro. Ndivyo tunavyoandika sampuli zote, kwa mahali zilipochimbwa. Lakini hii haikuchimbwa popote. Niliitoa ukutani, na ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejitupia kibandiko hicho usoni.

Kuna jambo lingine. Kwetu kusiriba nyumba ni kazi ya wanawake. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, tena wa kiume, na kila nilipojisogeza karibu na karai la mama alinifukuza. "Toka hapa. Unataka waseme mama yako hana mtoto wa kiume?" Kubeba ndoo za udongo niliruhusiwa, na hivyo nilijua alikochimba, hatua kama ishirini kutoka mlangoni, pale mtaro unapopinda. Alichokifanya na udongo huo baada ya mimi kuutua sikukijua. Nilikuwa nikienda kucheza mpira. Siku nyingine baadaye nilirudi nikakuta ukuta umekwisha, una mistari ya nusu duara ya kiganja chake, naye ananawa mpaka viwikoni.

Jumamosi niliyoichagua kwa kazi ile ilikuwa ya jua kali. Nilikuja na sepeto, karai na nyasi kavu za kuchanganyia. Nilichimba palepale mtaro unapopinda. Udongo ule mpya sikuupima, kwa sababu nilijua nimeshaupima. Jirani alinikuta nikiwa nimekunja suruali, nakanyaga matope, akatikisa kichwa akitabasamu.

"Kijana yangu, hiyo si kazi ya mwanaume. Ngoja niite wamama wawili tukusaidie."

"Usijisumbue, auntie. Hii udongo nimepima kwa mashine. Iko sawa kabisa."

Alinitazama miguuni, kwenye matope, kisha akanitazama usoni. "Kama mashine imesema," akasema, akarudi kwenye omena zake. Nikimkumbuka akigeuka vile natamani nipate mtu wa kunizaba kibao.

Nilikuwa nimeusogeza upande mmoja wa kitanda cha mama ili nifikie ukuta kwa ndani, naye alikuwa ameketi akiegemea mito, ananitazama. Nilikandika kuanzia chini. Nilikuwa nikiongea naye huku nafanya kazi, nikimweleza mambo ya matabaka, kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwambia udongo wake ni mzuri ajabu, kwamba umejifunga wenyewe, kwamba yeye na mimi kumbe tumekuwa wafanyakazi wa kitu kimoja. Nilidhani atafurahi.

Akainua mkono wa kushoto na kunyoshea jiko.

Lilikuwa jiko la makaa, limekaa pembeni karibu na miguu yake. Nikajua anataka chai. Nilinawa, nikawasha, nikachemsha chai, nikamwekea midomoni. Akafunga mdomo. Akanyosha kidole tena, palepale. Nikadhani anasikia baridi kwa ajili ya lile tundu la ukuta, nikalisogeza jiko karibu naye, nikamfunika leso mabegani. Nilirudi kwenye kazi. Nilipogeuka mkono ulikuwa bado uko juu, unatetemeka kwa kuchoka, na kidole kimelekea jikoni kwenyewe, chini, pale majivu yanapoangukia.

Hapo nikaelewa, au niliamini nimeelewa. Mama alikuwa mtu wa usafi sana. Tangu augue jirani alikuwa akimpikia hapo na kusahau kulisafisha, na jiko lilikuwa limejaa jivu la siku tatu. Nikacheka. "Pole, mama, hata ukiwa mgonjwa uchafu hauuvumilii." Nikalisubiri lipoe kidogo, nikalitoa nje, nikalikung'uta jivu lote kwenye mtaro, nikalifuta kwa kitambaa na kulirudisha ndani likiwa linang'aa.

Mama alishusha mkono. Machozi yalimtoka, yakashuka upande mmoja tu wa uso, ule unaofanya kazi vizuri. Mimi nikadhani ni furaha. Nilimfuta kwa kona ya leso nikamaliza ukuta kabla giza halijaingia.

Wiki ya kwanza ulikuwa mzuri. Wiki ya pili ulianza kupasuka, nyufa ndefu zilizokutana pembe kwa pembe. Nikajiambia nimeukausha haraka mno, nikaziba nyufa kwa udongo uleule. Kisha mvua zikaja. Mvua ya siku ya kwanza haikufanya kitu. Siku ya tatu jirani alinipigia akasema ukuta umefanya tumbo. Jioni hiyo nilikwenda nikauwekea mkono. Ulikuwa laini na umetokeza kuelekea kitandani. Nilikata vipande vya mbao nikauegemeza, nikamvuta mama na kitanda chake hadi upande wa mlango, nikakaa kwenye ndoo nikiutazama. Ninaijua kazi ya udongo unaovimba kwa majina yake yote, na sikuwa na neno hata moja la kuuambia ukuta ule usimame.

Ulianguka kesho yake mchana nikiwa kazini. Nilipofika, chumba kilikuwa wazi kuelekea mtarini na mvua inaingia. Matope yalikuwa yamefika kwenye miguu ya kitanda, jiko limefunikwa, fito zimejikunja nje kama mbavu. Mama hakuumia. Jirani na wapangaji wengine walikuwa wameshamtoa, wamemlaza kitandani kwa jirani, wamembadilisha nguo. Nywele zake zilikuwa zimeloa. Nilipiga magoti nikazikausha kwa taulo, nikimwambia pole, pole mama, tutajenga tena.

Jirani alikuwa nje akipekua matope yale kwa kijiti. Akaniita.

"Jivu uliweka?"

"Jivu gani?"

Aliacha kupekua. "Kwani hukuweka jivu?"

Nikamwambia sielewi anachosema. Naye akaeleza, polepole, akinitazama kama mtu asiyeamini kwamba anaeleza jambo hilo kwangu. "Mama yako alikuwa anakusanya jivu ya ploti mzima. Kila mtu akisafisha jiko anamwekea kwa ile debe yake. Akichimba udongo anachanganya na jivu mingi, analoweka, anaacha ikauke, analoweka tena, anakanyaga, inakauka tena. Hata wiki mbili, tatu. Ndio anasiriba. Huyo mama hajawahi kusiriba na udongo tupu hata siku moja. Sisi wote tulijaribu hiyo maneno yake, tukachoka."

"Mbona hukuniambia, auntie?"

"Ulisema umepima," akajibu. Hakusema kwa ubaya.

Niligeuka. Mlango wa jirani ulikuwa wazi na mama alikuwa amelala ubavu, ananitazama. Alikuwa amesikia kila kitu. Niliona mkono wake wa kushoto juu ya blanketi, na nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukitetemeka ile Jumamosi, na jinsi nilivyolibeba lile jivu nje huku nacheka. Nilitamani ardhi inipasukie. Nilisimama mvuani mpaka jirani akanivuta ndani.

Siku iliyofuata nilikwenda kazini na makopo mawili, moja la udongo uliochimbwa mtaroni na jingine la bonge la ukuta wa zamani, sehemu ya juu ambayo haikuwa imeguswa na mimi. Picha za ukuta wa zamani zilikuwa zilezile, matabaka yaliyofungwa. Za udongo wa mtaroni, baada ya glaikoli, kilele kilihama mpaka nikadhani nimekosea kuweka kioo. Ulikuwa wazi karibu wote. Hakuna fundi mwenye akili ambaye angejengea udongo ule.

Kisha nikafanya ambalo ningelifanya mwanzo kama ningekuwa na adabu. Nilichanganya udongo wa mtaroni na jivu nililoomba kwa wauza mahindi ya kuchoma pale Riruta Satellite, nikauloweka, nikaukausha, nikauloweka, nikaukausha, siku baada ya siku. Jivu lina potasiamu. Kila udongo unapoloa inaingia katikati ya matabaka, na kila unapokauka inakamatika humo, na tabaka moja moja linajifunga. Jambo hilo si geni, nimewahi hata kuwaeleza wanafunzi mbele ya ubao. Baada ya wiki moja kilele kilianza kurudi, kidogo tu. Sina hakika kwamba ni potasiamu peke yake, jivu lina mengine ndani yake. Lakini nilijua nilichokuwa nimekipima mara ya kwanza. Haukuwa udongo wa Gatwekera. Ilikuwa kazi ya mama ya miaka ishirini na sita, amerudia na kurudia mpaka matabaka yakajifunga, nami nikaiandikia kibandiko cha mahali.

Nilichapisha picha tatu, ya ukuta wa zamani, ya udongo wa mtaroni na ya ule wa jivu, nikampelekea msimamizi wa ploti. Najua ni upumbavu. Nilimkuta kibandani kwake akinywa chai ya tangawizi, nikazitandaza mezani mbele yake.

"Hii ni nini, ni ya moyo?" akauliza.

"Ni ya udongo." Nikamweleza. Nilisema nimeshajua kosa liko wapi, kwamba nikipewa mwezi mmoja na jivu la kutosha nitausimamisha ukuta ule na hautaanguka tena, kwamba wanawake wa ploti wamekubali kunisaidia. Nilikuwa nikiongea haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Kisha akazikusanya karatasi vizuri na kunirudishia.

"Daktari, pole. Fundi wa mabati anaanza kesho, na kuna mtu ashaahidiwa hiyo room. Si mimi naamua hizi vitu. Nami niko tu hapa."

Tulimhamisha mama kutoka kitandani kwa jirani moja kwa moja hadi kwangu Kawangware. Wanaume wanne walimbeba na kiti kupitia kichochoro, na wanawake wa kanisani wakafuata na sufuria zake, blanketi zake na Biblia yake. Mlango wa chumba chake tulipoupita ulikuwa umeshang'olewa na mtu alikuwa juu ya paa akigongelea. Nilimwambia, "Mama, wakimaliza tutarudi." Nilimwambia hivyo mara mbili. Jirani alitembea na sisi mpaka barabarani, akamfunga leso vizuri kichwani, akasema atakuja kumwona. Amekuja mara moja. Ngazi za ghorofa ya tatu zilimshinda magoti.

Jioni ya kwanza, mke wangu alipokuwa jikoni, niliketi mbele ya mama nikamweleza yote. Nikamwambia ni jivu, mama, nimejua, ulikuwa ukinionyesha jivu. Nikamwomba msamaha. Alinitazama kwa yale macho yake ambayo hayajabadilika, kisha akayageuzia dirishani, ambako hakuna cha kuonekana isipokuwa maduka ya vifaa vya ujenzi na nyaya.

Sasa ni mwezi wa nne tangu ahamie kwangu. Anakula, analala, na nikizungumza najua ananisikia. Nilimpeleka kwa daktari, wa kweli, akamkunja na kumkunjua mkono wa kushoto, akasema uko sawa, hauna shida yoyote. Lakini hajaninyoshea kidole tena. Jerikani iko palepale anapoiona, na kikombe kiko juu yake, na akishikwa na kiu mkono unabaki umelala mapajani. Anangoja mpaka nikumbuke.